Ombi Limekamilika, Kiti Idara Nyingine

Redio ndiyo iliyoanzisha balaa. Ilikuwa ya Spika, fundi redio ambaye hata siri huitoa kwa sauti ya mnada. Mtangazaji alisema ofisi ya huduma za watu wenye ulemavu imekamilisha maombi yote kwa wakati, asilimia mia, na mkuu wake sasa anazunguka kufundisha ofisi nyingine jinsi ya kufanikiwa hivyo.

Mzee Breki akapaliwa na kahawa. Alikuwa kwenye benchi la kijiwe ndani ya suti, tai imemkaba koo. Zamani aliendesha lori, hadi siku lori lilipokataa kusimama. Tangu hapo miguu yake ni ya kuvalia soksi tu. Alasiri hiyo bintiye wa pekee alikuwa anaolewa, naye alishamwahidi kuingia naye ukumbini, ubavu kwa ubavu.

"Si uliwaomba kiti cha magurudumu?" Spika akamuuliza. "Bado tu?"

"Bado nini? Langu limekamilika."

"Acha masihara, mzee."

"Tena limekamilika mara nyingi kuliko la mtu yeyote. Siku walizojipangia zikikaribia kwisha, simu inalia. 'Hongera mzee, ombi lako limekamilika.' Nauliza, kiti kiko wapi? 'Mzee, sisi tunapimwa kwa maombi. Kiti ni idara nyingine. Hili tumelifunga, leta jipya.' Napeleka jipya. Nalo wanalikimbiza weee, wanalifunga."

"Hiyo idara nyingine iko wapi?"

"Ghorofa ya tatu. Lifti mbovu. Waliomba itengenezwe."

"Ikawaje?"

"Ombi limekamilika."

Benchi zima likaangua kicheko. Turubo, msukuma mkokoteni ambaye kila asubuhi ndiye humleta Breki kijiweni, hakucheka. Alikuwa anawaza biashara.

"Kumbe mimi kazi naifanya vibaya," akasema. "Mtu ananipa magunia, nahangaika nayo mlima mzima, nafika nimechelewa, natukanwa. Dawa ni kumpigia simu nikiwa bado bondeni. Bosi, safari imekamilika. Magunia idara nyingine."

"Shangazi," Spika akamgeukia mwenye birika, "mbona kahawa yangu hailetwi?"

Shangazi akapangusa mikono kwenye kanga yake taratibu. "Uliagiza?"

"Tangu nifike."

"Basi imekamilika."

"Kikombe kiko wapi?"

"Agiza upya."

"Nitakushtaki, shangazi."

"Leta mashtaka. Hayo nayo yatakamilika kabla hujakaa."

Breki alicheka mpaka akajishika mbavu, lakini kicheko hakikushuka tumboni. Turubo alikuwa ameuosha mkokoteni vizuri kwa safari ya harusini, akautandikia shuka la maua, na Breki alimshukuru kwa moyo wote. Ila mlango wa ukumbi aliujua. Mkokoteni usingepita. Wangembeba mikononi kama godoro, mbele ya wakwe, huku bibi harusi akitembea peke yake. Hilo lilimuuma kuliko alivyotaka kijiwe kijue.

Mara akatokea kijana nadhifu, kamera shingoni, anasukuma kiti cha magurudumu kipya kabisa, kingali na nailoni yake.

"Natoka ofisi ya huduma," akasema. "Namtafuta mteja aliyekamilishiwa maombi mengi kuliko wote. Tunampiga picha ya kalenda."

Vidole vyote vikamwonyesha Breki.

"Na hicho kiti?" Shangazi akauliza.

"Cha picha, mama. Mzee atakaa, atatabasamu, atashuka. Kuna wengine wanangoja kutabasamu."

Turubo na Spika wakamnyanyua Breki, wakamkalisha. Kiti kikamkaa sawasawa. Breki akaweka viganja juu ya magurudumu, akasukuma kidogo, yakatii. Akasukuma tena. Moyo ukamwenda mbio kama kijana aliyepewa funguo za lori mara ya kwanza.

"Mzee, unatoka kwenye picha," kijana akasema, jicho moja ndani ya kamera.

"Nifuate."

"Rudi kidogo, mzee."

"Shangazi, huyu kijana anaomba nirudi."

"Tumelipokea ombi lake," Shangazi akajibu, huku anamimina kahawa.

Breki alikuwa keshashika barabara ya ukumbini, nailoni inapepea nyuma yake, Turubo akikimbia pembeni kuzuia baiskeli na mbuzi wasimkatize. Kijana akawafikia akihema, kamera inamgonga kifuani.

"Mzee, hiki kiti kina mwenyewe. Nikifika ofisini niandike nini?"

Breki akasimamisha kiti. Akalegeza tai, akavuta pumzi, akamtazama kijana bila hasira.

"Andika ombi limekamilika kwa wakati," akamwambia. "Leo mtakuwa hamjadanganya. Na hiyo picha ya kutabasamu, njoo uipigie ukumbini."