Malalamiko Kuhusu Amri ya Kuogesha Chumba Kisicho na Mtu

Haron Ochoki,
Mwenye gesti nyuma ya soko,
Kebirigo.

Kwa Bi. Gentrix Orwa,
Afisa wa Afya ya Umma.

Bi. Afisa,

Kwa heshima nyingi na hasira kiasi, nakuandikia kuhusu ziara yako ya Jumanne, ulipokuja na chupa ukaondoka na maji yangu. Uliniachia amri ya karatasi moja. Nimeisoma mara tatu, nikaikunja, nikaitia mfukoni mwa koti, na hata mke wangu hajaiona. Sasa naijibu.

Nikukumbushe kwanza tulikotoka. Mwanangu Jasper anataka kumwoa Pam, binti wa Mzee Ombok wa kule ziwani. Mzee alipokuja kutuona tulimlaza chumba nambari moja. Watu wa ziwa huiogopa baridi yetu ya Nyamira kuliko chui, na ndiyo maana chumba hicho nilikiwekea bafu la manyunyu lenye maji moto. Mzee akaoga, akasifu, akarudi kwao. Siku ya tano homa ikampanda, kikohozi kikaja, pumzi ikawa haba. Leo yuko hospitalini Kisii, mpira wa oksijeni puani. Daktari alimpima mkojo, akaniita mimi pembeni kwa kuwa ndimi niliyekuwa naye siku hiyo, akanitajia lejionela, kijidudu kinachokaa kwenye mabomba na kuangukia mapafu. Nami nikaenda kuwatafsiria wakwe: ni baridi. Wakaniamini papo hapo, na mipango ya harusi ikaendelea. Kwa hiyo nalalamika kama ifuatavyo:

1. Maji yangu ni safi. Nilikunywa glasi nzima mbele yako, nikajipangusa midomo. Wewe ukatabasamu, ukasema shida si kunywa, shida ni ule ukungu wa manyunyu ambao mtu huuvuta kwa pumzi. Ala! Tangu lini maji yakavutwa kama tumbaku? Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi miaka thelathini na sikufundisha jambo kama hilo hata siku moja.

2. Umeniamuru kila wiki nifungulie bafu katika chumba kisicho na mgeni, maji yamwagike dakika kadhaa, kisha nitoke nifunge. Naomba amri imtaje anayeoga. Chumba nambari moja si cha kila mpita njia. Ni cha mgeni wa heshima, na kabla ya Mzee kufika kilikaa miezi kumi na minne bila kufunguliwa, ufunguo ukiwa ndani ya Biblia ya mke wangu. Wewe unadai heshima hiyo ndiyo iliyoyalaza maji bombani mpaka yakaota utando. Tena bafu alilooga mkwe mimi siingii. Kwetu mkwe ni haya tupu, hata taulo lake nikiliona kambani napita njia nyingine.

3. Unataka tangi lipashwe hadi nyuzi sitini, na fundi aweke vali ya kuchanganya maji karibu na bafu ili mgeni asiungue. Mimi nililiacha vuguvugu kwa sababu mgeni mmoja kutoka Kenyenya aliwahi kupiga mayowe bafuni, nusu ya soko ikaja. Ukanieleza kwamba kwenye maji baridi vijidudu husinzia, kwenye maji moto sana hufa, na kwenye vuguvugu huzaana. Vema. Basi kwa miezi kumi na minne nimewapa joto na makao. Aliyewafuga ni nani kama si mimi? Nawe umechukua chupa mbili za mifugo yangu bila kubisha hodi. Jirani yangu Ongeri anafuga kuku, na akitembelewa na afisa hupewa ushauri na kupongezwa. Naomba nami nitambuliwe.

4. Ulikifungua kichwa cha bafu ukanionyesha ukoko mweupe, mfano wa ule wa ndani ya birika, ukasema ni maficho yao. Mbele ya mfanyakazi wangu! Kitu cha kunong'onezwa ulikiinua juu kama kombe la mpira.

5. Kama ni kutafuta mkosaji, tuanze na mgonjwa. Mzee Ombok ana miaka sabini na moja na amevuta sigara tangu ujana, na wewe mwenyewe ulisema wazee na wavutaji ndio wanaoshikwa upesi. Humo bafuni aliimba nyimbo za kanisa karibu nusu saa, kinywa wazi. Napendekeza itungwe sheria wakwe waoge kimya. Ikiwezekana wasipumue mpaka watakapojifuta.

6. Mwisho ndilo ombi lenyewe. Ripoti yako iandikwe "baridi". Umesema ugonjwa huu hautoki kwa mtu kwenda kwa mtu, na dawa Mzee anapata. Ukweli sasa utamfaa nani? Akijua kwamba mimi niliyemkaribisha ndimi niliyemlaza kitandani, Pam haji kwetu, na Jasper hatanisemesha mpaka nife. Baridi haina mwenyewe, iache ibebe lawama. Naogopa, Bi. Afisa, na naona aibu kuandika hivyo kwa msichana wa umri wako.

Nisalimie wenzako wote wa ofisini, dereva wako aliyezipenda ndizi zetu, na wazazi wako waliokusomesha mpaka ukanijia mimi.

Ni mimi niliyeonewa kwa utaratibu mzuri,
Haron Ochoki.

Tanbihi: Nilikuwa nagundisha bahasha mke wangu alipoingia akicheka kwa furaha. Mama yake Pam amefika asubuhi hii kumuuguza mumewe, na mke wangu, asiyejua lolote, amempa chumba nambari moja. Na kwa kuwa mimi nilisema ni baridi, mama wa watu ameapa kuoga maji moto kwa muda mrefu, asubuhi na jioni, isije ikamshika na yeye. Nikayasikia maji yanamwagika. Nimekimbia nyuma ya nyumba nikafunga koki ya tangi, mkwe akiwa na sabuni kichwani. Kisha nimesimama kwenye mlango wa bafu lake, mahali ambapo mtu wa ukoo wetu hajapata kusimama, nikamwambia atoke, na nikamwambia kwa nini, yote, pamoja na yaliyompata mumewe. Amekaa kitandani na kanga yake, ananitazama. Bi. Afisa, njoo leo, na uniambie nimwangalie siku ngapi kama homa itampanda.