Ushuhuda wa Mwinjilisti Asiye na Dhambi

Jumatatu, 1 Agosti 1994. Tandika.
Jana ibadani vijana wanne. Wanne! Mmoja kalala. Wengine wote wako kwa mhubiri Fredrick, kiwanja cha Mtoni, kwenye spika zake na kinanda chake cha umeme. Mchungaji kaniita pembeni. Kasema vijana wasiporudi mwezi huu, mwinjilisti mwingine atapewa kanisa letu la mtaa. Miaka sita nimehubiri hapa!

Jumanne, 2 Agosti
Nimekwenda Mtoni kuchungulia. Nimevaa miwani ya jua ya mke wangu, Demetria. Kumbe Fredrick hahubiri kitu! Anasimulia tu alivyokuwa jambazi. Watu wanalia, wanapiga makofi. Mie nawafundisha Warumi sura kwa sura, wanapiga miayo. Siku hizi watu hawataki kufundishwa, wanataka kusimuliwa. Tatizo, mie sijawahi kufanya kitu. Nimelelewa kanisani Bukoba, nikaoa kanisani. Aibu tupu!

Alhamisi, 4 Agosti
Nimepata! Nilikuwa mwizi. Nimemweleza Demetria, kaniuliza mwizi gani anakimbia kuku mwenye vifaranga. Nimeshaazima spika.

Jumapili, 7 Agosti
Ushindi! Nimeshuhudia. Kurasini nilivunja kontena zima la televisheni. Macho yote kwangu. Nikanogewa. Nikaongeza baiskeli, Phoenix nyeusi, hapahapa Tandika. Vigelegele! Vijana kumi na mmoja. Fredrick atajuta.

Jumatatu, 8 Agosti
Asubuhi na mapema, hodi. Jirani yetu, Mzee Kondo. Nikampa shikamoo, hakuitikia. Kasema baiskeli yake, Phoenix nyeusi, iliibwa mwaka themanini na saba, na spika yangu jana imemfikia hadi barazani. Anamshukuru Mungu kwa kunigusa moyo, ila anaitaka. Nilitaka kukana. Lakini vijana wawili wa kwaya walikuwa uani wananitazama, machozi yanawalenga. Nikampa yangu. Kajaribu breki, kanilaumu kwamba nimeitunza vibaya.

Jumatano, 10 Agosti
Wazee wa kanisa wameketi kikao. Mwizi akiungama hadharani, sharti atengwe. Hakuna mimbari, hakuna Meza ya Bwana, hadi arudishwe kundini mbele ya washarika wote. Jamani! Nikaapa sijawahi kuiba hata sindano. Mchungaji akauliza, kwa hiyo Jumapili nilidanganya madhabahuni? Maana hilo nalo lina adhabu yake, tena ndefu zaidi. Nikafikiri kidogo. Nikasema niliiba. Demetria kacheka mpaka kakaa chini.

Jumapili, 14 Agosti
Nimeketi benchi la mwisho. Anahubiri mzee Leodegar, mhasibu mstaafu, kwa sauti ya kusoma barua. Moyo unaniuma kweli. Hili kanisa nalipenda.

Jumapili, 28 Agosti
Leo nimerudishwa kundini. Nimepiga magoti mbele, nimeungama, nimelia machozi ya kweli. Na kanisa lilivyojaa! Watu mpaka madirishani. Vijana wa Mtoni wote wamekuja kumwona mwizi anavyopokelewa, na Fredrick mwenyewe nyuma yao. Mchungaji kaniachia kanisa langu. Kanishika bega, kanisihi kuanzia leo nihubiri Neno tu, hadithi basi. Nimeitikia amina.

Lakini sijatulia mchana kutwa. Wizi tu wa kontena na baiskeli, na watu wamekosa pa kukaa! Nikiungama uchawi, si tutahitaji turubai?