Betri Niliyoifunika Blanketi

Leo nimeumbuka. Tena si mbele ya watu baki. Nimeumbuka mbele ya baba mkwe, ambaye kesho anapanda ndege kurudi Kigoma na kisa chote kichwani.

Mnaonijua mnajua nina kiboti cha alumini. Ni kikuukuu, wakiingia watu wanne, wa tano abaki nchi kavu. Kazi yangu ni kupanga maboksi kwenye bohari karibu na uwanja wa ndege, na hicho kiboti ndicho kitu pekee hapa Toronto kinachonikumbusha kwamba nami nilikuwa mtu wa ziwani. Sasa, siku ya mahari, baba mkwe aliuliza mbele ya ukoo mzima: "Huyu kijana anajua kutunza?" Watu walicheka, wakala, wakaondoka. Mimi swali lile nimelibeba mpaka Kanada. Leo ndiyo nilikuwa nampa jibu. Nampakia kwenye boti, namzungusha Ziwa Ontario, anarudi kwao ameridhika.

Twende taratibu. Kabla ya winta kuingia, Deo, mtu wa Uvira ninayefanya naye kazi, mwenye boti siku nyingi, aliniambia: "Ndugu, toa kila kitu cha umeme. Kile kioo cha kuonyesha samaki, redio, na batri. Batri unaichaji kwanza. Vyote unapeleka ndani, kwenye joto."

Nikamjibu, "Deo, mimi nimezaliwa ziwani. Utanifundisha boti?"

(Ziwa Tanganyika halijawahi kuganda hata siku moja. Hilo sikulifikiria.)

Betri ni nzito, sisi tunakaa juu kabisa kwenye maghorofa ya mtaa wa Dixon, na lifti wiki ile ilikuwa mbovu. Basi nikafanya nilivyolelewa. Kwetu rimoti haivuliwi nailoni iliyokuja nayo. Redio inavishwa kitambaa cha kufuma. Kitu cha thamani kinafunikwa, yamekwisha! Nikakifunga kile kioo kwa nailoni, tabaka juu ya tabaka, nikakaza selotepu mpaka hewa ikakosa pa kupita. Redio nayo hivyohivyo. Betri sikuichomoa hata nyaya. Niliifunika blanketi zito nililolikuta kwenye sanduku juu ya kabati, nikalichomekea pembeni kama unavyomlaza mtoto mwenye mafua.

"Lala salama," nikaiambia. (Ndiyo. Niliongea na betri.)

Leo asubuhi tukaenda yadi ya boti. Baba mkwe kavaa shati la kanisani ndani ya koti langu. Mke wangu kabeba pilau kwenye hotpoti. Deo nilimwita mwenyewe atusaidie kushusha boti majini, na pia, niseme ukweli, nilitaka aone.

Nikavua turubai kwa mbwembwe. Ndani ya ile nailoni kulikuwa na maji! Unyevu niliufungia mimi mwenyewe humo, ukakosa pa kutokea winta nzima. Plagi zimeota kutu ya kijani. Nikabonyeza kioo. Kimya. Nikabonyeza tena.

"Hiki huwa kinaamka polepole," nikasema.

Baba mkwe akaitikia kwa kichwa, kwa adabu zake zote. Deo akaanza kutazama mawingu.

"Washa basi injini, Baba Neema," mke wangu akasema.

Nikageuza ufunguo. Haikukohoa hata.

"Angalia batri," akasema Deo.

Nikavuta blanketi, likaja vipandevipande. Betri ilikuwa imeishiwa chaji, ikaganda, ikapasuka ubavuni. Barafu ilipoyeyuka, asidi yote ikamwagikia blanketi na kulitoboa kila mahali.

"Uliifunika blanketi?"

"Si kulikuwa na baridi!"

"Ndugu yangu, batri haina damu."

Deo akacheka mpaka akashikilia trela. Hata mimi ningecheka. Lakini baba mkwe alikuwa ameinama, anatazama kona moja ya blanketi iliyosalimika, yenye maua mekundu.

"Mama Neema," akamwita binti yake. "Hili si lile alilokupa mama yako?"

Jamani. Marehemu mama mkwe ndiye aliyemnunulia binti yake lile blanketi siku ya kuolewa. Alipofariki, makaratasi yetu ya kukaa huku yalikuwa hayajakamilika, mke wangu akashindwa kwenda kumzika mama yake. Alilia hapahapa, ghorofani. Blanketi lile hakuwahi kulilalia hata usiku mmoja, na mimi, mume mzima, sikuwahi kuuliza kwa nini. Niliona tu ni blanketi lisilotumika.

Mke wangu akanyoosha mikono alichukue.

"Usiguse, mama! Asidi hiyo!" Deo akapiga kelele, kicheko kimemkauka.

Akarudisha mikono, akaikumbatia tumboni. Deo akavaa glavu, akaokota vile vipande kimoja kimoja na kuvitia kwenye mfuko. Mimi nimesimama tu, ufunguo mkononi, najichukia.

"Si neno, mwanangu," baba mkwe akaniambia. "Baridi ya huku sisi hatuijui." Heri angenitukana! Tukala pilau tumekaa ukingoni mwa trela, boti iko nchi kavu, hakuna aliyeongeza sahani ya pili.

Haya, chekeni, najua mmeshaanza. Ila naomba mtu asimpigie mke wangu kumpa pole. Tangu tutoke yadi hajafungua kinywa, na neno lake la kwanza, hata likiwa tusi, nalisubiri mimi.