Ngozi Yangu Ni ya Mafuta

Leo mwenzenu sina uso. Sina uso wa kumtazama mtu, na uso wenyewe unabanduka. Naandika huku nacheka, huku mashavu yananiwasha, huku nina furaha ya ajabu. Kaeni niwape.

Mnajua tangu nimalize chuo nipo nyumbani hapa Njombe, kazi yangu ni kupalilia viazi vya baba na kutazama video za urembo kwenye simu. (Viazi vimestawi. Hayo mengine mtasoma wenyewe.) Wiki iliyopita nikasikia kuna duka la vipodozi Makambako linatafuta muuzaji. Duka la maana! Vioo mbele, vioo nyuma, taa kila rafu! Nikapiga simu, na mwenye duka, Mama Saumu, akasema nifike leo anione. Jamani, niliitaka ile kazi! Niliitaka mpaka nikaanza kuiota nikiwa na jembe mkononi.

Nikajiambia, muuza vipodozi lazima ang'ae. Kwenye video nilishajifunza habari za asidi za kuondoa ngozi iliyokufa. Hizi hazina chenga za kusugulia. Unapaka tu kama maji, na ngozi iliyokufa inaachia yenyewe. Ila lazima uchague kulingana na ngozi yako: ngozi kavu, asidi ya laktiki. Ngozi ya mafuta, salisiliki. Na kujua yako ni aina gani wala si kazi. Unabandika tishu usoni, ikitoka na mafuta, basi ngozi yako ni ya mafuta.

Nikabandika. Tishu ikatoka inang'aa kama gazeti lililofungiwa maandazi!

Siku hiyo hiyo nikanunua salisiliki, tena ile kali. Maelezo yalisema mara mbili kwa wiki. Mimi nikapaka asubuhi na jioni, kila siku (nilikuwa na haraka ya kupendeza). Na kwa kuwa ngozi ya mafuta haihitaji mafuta mengine, kopo langu la mafuta ya mgando nikalisukuma chini ya kitanda. Uso ukaanza kuniwaka. Nikafurahi, nikasema dawa inafanya kazi!

Leo asubuhi baridi ilikuwa ile yenyewe, ukipumua unatoa moshi. Mama akaniona naelekea mlangoni.

"Oliva! Unatoka hujapaka mafuta?"

Kwa mama yangu, kutoka bila mafuta ni sawa na kutoka bila sketi.

"Mama, ngozi yangu ni ya mafuta."

"Ya mafuta gani? Ya alizeti?"

Nikamwonea huruma. Hajasoma mambo haya (yaani hajaziona zile video).

"Umepauka kama mtoto asiye na kwao," akasema. Nikaondoka zangu.

Kwenye kosta nikaona vitu vyeupe juu ya sweta langu jeusi. Nikadhani linatoa nyuzi. Nikapangusa. Vikarudi. Nikapangusa tena. Baba mmoja niliyekaa naye kiti kimoja akasogea kidogo, akasema, "Dada, hilo sweta lako ni la mtumba? Walikuuzia bovu." Nikamshukuru, nikaendelea kupangusa mpaka Makambako.

Duka linanukia kama nyumba yenye harusi! Mama Saumu alikuwa amekaa kwenye kiti kirefu, hijabu ya zambarau, mtu asiye na papara.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu." Akanitazama. Akaendelea kunitazama. "Kwenu kuna upepo sana, eeh?"

"Upo mama!" nikajibu kwa uchangamfu. (Sikuelewa swali.)

Kabla hajaendelea, akaingia mteja, mama wa makamo kutoka Mdandu aliyekuwa ameleta viazi mjini.

"Kamwene!" akatusalimu kwa Kibena.

"Kamwene mama, karibu sana!" nikaitikia mimi, kana kwamba duka ni langu.

Yule mama akasema mashavu yake yamekuwa magumu siku hizi, anataka kitu cha kuyalainisha. Mama Saumu akanigeukia. "Haya, mhudumie. Mimi nasikiliza."

Ndiyo nafasi yenyewe!

"Mama yangu, ngozi yako ni kavu, imechoshwa na baridi! Salisiliki usiiguse, itakukausha zaidi. Chukua laktiki, ile ya nguvu ndogo. Paka jioni, mara moja kwa wiki kwanza, uone ngozi inaipokeaje. Ukishapaka, weka krimu juu yake. Na mchana ujikinge na jua."

Nilishusha yote bila kupumua. Mama Saumu akaitikia kwa kichwa. Aliitikia, jamani! Nikajua nimeshapata kazi.

"Na wewe mwanangu," akauliza mama wa Mdandu, "unapaka ipi?"

"Salisiliki!" nikasema, nikaachia tabasamu lile la kwenye mabango.

Hapo ndipo shavu lilipochanika. Kipande cha ngozi, ukubwa wa ukucha, kikaachia kando ya mdomo, kikashuka taratibu, kikatua juu ya kaunta ya kioo. Taa ya kaunta ikakimulika vizuri kabisa.

Tukakitazama wote watatu.

"Mwanangu, kitu chako kimedondoka," akasema yule mama kwa upole.

"Ni... ni poda."

"Poda ya kubanduka?"

Mama Saumu akashuka kwenye kiti. Akanishika kidevu, akanipeleka mlangoni kwenye mwanga, mbele ya fundi cherehani na vijana wa bodaboda waliokuwa wanaota jua.

"Nani alikwambia ngozi yako ni ya mafuta?"

"Nilipima mama. Kwa tishu. Ilitoka na mafuta kabisa!"

"Ulipima saa ngapi?"

"Asubuhi. Nimeshaoga, nimeshavaa, nimeshapaka, nipo tayari."

"Umeshapaka nini?"

"Mafuta."

Nililisikia neno likitoka. Nikatamani kulirudisha mdomoni, lakini lilikuwa limeshafika kwa bodaboda.

"Mwanangu," akasema Mama Saumu, "wewe hukupima ngozi. Ulipima kopo."

Fundi akasimamisha cherehani. Mama wa Mdandu akakaa juu ya boksi la sabuni, machozi yanamtoka, anarudia, "Kapima kopo! Jamani, kapima kopo!" Bodaboda mmoja akampigia mwenzake simu palepale amsimulie. Nikageuka nitafute pa kuficha sura. Kila upande ni kioo, na kila kioo ni mimi, nabanduka.

Nikachukua mkoba wangu. Kazi imekwenda! Nikaanza kulia, na machozi ya chumvi kwenye ngozi ile, ndugu zangu, msijaribu.

"Unakwenda wapi?" akauliza Mama Saumu.

"Nyumbani, mama."

"Asiondoke huyo," akasema mama wa Mdandu, akijipangusa macho kwa kitenge. "Nifungieni hiyo laktiki aliyosema. Huyu binti anajua, ila yeye mwenyewe ndo hajijui."

Mama Saumu akamfungia. Kisha akanigeukia. "Ulichomwambia mteja ni sahihi, chote. Wewe asidi usiiguse tena mpaka upone. Maji na krimu laini, basi. Na kesho saa mbili uwe hapa."

"Kesho?! Si nisubiri kidogo mama, uso upone?"

"Ukishapona, wateja wanaotaka asidi kali nitawaonyesha nini?"

Nimepata kazi, jamani! Nimepata kazi! Sasa mkipita Makambako mkaona dada anabanduka nyuma ya kaunta, nawaomba: nunueni kwanza, mcheke mkishatoka nje.