Nusu Kichwa cha Jirani

Jumapili, 3 Machi

Ibada imeisha kwa amani. Mimi sina amani. Mchungaji ametuambia waziwazi kwamba kanisa halikuwekwa mtaani liwe pambo. Tumeitwa kuwapelekea habari njema watu tunaopishana nao kila siku, lakini sisi tumejifungia humu tunaimbiana wenyewe kwa wenyewe. Jumapili ijayo kila mmoja aje na jirani. Mmoja tu! Na siku hiyohiyo atamtangaza kiongozi wa uinjilisti.

Nikakaa wima. Cheo hicho ni changu. Nani mwingine anaongea na watu kutwa nzima kama mimi? Kinyozi ana mdomo, na ana kiti cha kumkalisha mtu amsikilize. Mitume walikosa kiti.

Nikageuka kumtazama Maikrofoni. Ni fundi cherehani, kiongozi wa kwaya, na kibaraza chake kimepakana na saluni yangu. Jina hilo alilipata kwa sababu akikishika kile kifaa hakiachi mpaka mtu azime mitambo. Naye alikuwa amekaa wima. Kunizidi.

Si kitu. Jirani yangu nimeshamchagua. Fundi redio, hapo ng'ambo ya barabara, mlango wake unatazamana na wangu. Alifiwa na mkewe mwaka jana. Haendi popote, hasemi na mtu, nywele zimeota msitu. Roho imekaa tu inasubiri mtu wa kuichukua! Nimemweleza mke wangu mpango huu. Akaniuliza mara ya mwisho kumjulia hali yule mzee ilikuwa lini. Swali gani hilo? Namwona kila siku.

Jumatatu, 4 Machi

Vipeperushi! Nimeamka mapema nikasukuma rundo zima chini ya mlango wa Fundi redio. Halafu nimeshinda dirishani nachungulia. Mteja wa kwanza akaniuliza kama nanyoa yeye au nanyoa pazia.

Fundi alifungua, akaviokota, akavitazama. Akavipanga vizuri mezani. Kufika mchana nikaona anavitumia kufungia skrubu. Kila aliyechukua redio yake leo ameondoka na wokovu uliofungia vipuri. Mke wangu anasema basi habari njema zimefika mbali. Sijui ananipongeza au ananicheka. Miaka yote hii ya ndoa na bado sijui.

Jioni Maikrofoni akapita kunijulisha kwamba ameshapata majirani. Kwa wingi. Nikamuuliza ni kina nani. Wakwe zake! Watu waliookoka yeye akiwa bado ananyonya, wanaosali kanisa la mtaa wa pili! Huko ni kuhamisha maji kutoka ndoo hii kwenda ile. Nikamwambia hivyo. Akasema ndoo yake angalau itajaa.

Nimemkata mteja sikio. Kidogo tu.

Jumanne, 5 Machi

Usingizi haukuja lakini wazo lilikuja. Nimechukua redio yangu nzima kabisa, nikaifungua nyuma, nikachomoa waya mmoja. Kabla ya hapo nilikuwa nimeiweka kwenye stesheni ya mahubiri, nikaimwagia gundi ile swichi ya kutafutia stesheni. Fundi akishaitengeneza lazima aijaribu. Akiijaribu lazima asikie. Apende asipende, Neno litamwingia masikioni! Nilicheka peke yangu njia nzima ya kuvuka barabara.

Saa zikagoma kwenda. Nimefagia saluni mpaka sakafu ikaomba huruma. Nimebandika maneno ya kutia moyo kwenye kioo, kwa karatasi kubwa. Wateja wanalalamika hawaoni vichwa vyao.

Jioni nikaenda kuchukua redio. Fundi akanieleza kwamba ilikuwa na matatizo ya aina mbili: waya umechomoka, na kuna mjinga amemwaga gundi kwenye swichi. Ameondoa gundi. Ameijaribu vizuri sana. Kwa mpira.

Nimesikiliza mechi mpaka mwisho, kwa sababu za kiuchunguzi.

Alhamisi, 7 Machi

Jana sikuandika. Jana nilikuwa nazunguka chumbani.

Asubuhi Fundi alivuka barabara. Mwenyewe! Akaingia saluni, amevaa shati lililopigwa pasi, akakaa kwenye kiti. Akasema toa zote.

Nikamfunga shuka shingoni. Nikawasha mashine. Hapo ndipo wazo likanishukia, na nikasema kimoyomoyo asante. Mtu mwenye nusu ya nywele hawezi kukimbia! Aende wapi? Hakuna mkutano wa injili duniani wenye ulinzi kama huo.

Nikanyoa upande wa kushoto, kuanzia sikio mpaka utosini, kazi safi. Nikazima mashine. Nikavuta stuli. Nikaanza kutoa ushuhuda wangu, tangu nilipozaliwa.

Akauliza kama umeme umekatika. Nikamwambia umeme upo, kinachokosekana ni ahadi yake ya Jumapili. Akijibu ndiyo, naendelea kunyoa. Akajitazama kwenye kioo, kile kipande kilichobaki bila karatasi. Kisha akaanza kusema jambo, kitu kuhusu marehemu mkewe. Nikamwomba asubiri kwanza, nilikuwa sijafika sehemu ya ugonjwa wangu wa tumbo.

Akasimama. Akafungua shuka. Akaikunja vizuri, pembe kwa pembe, akaiweka juu ya kiti. Akatoka na kichwa kile. Upande mmoja msitu, upande mwingine uwanja wa mpira.

Nimebaki na mashine mkononi. Nilikuwa karibu kabisa!

Ijumaa, 8 Machi

Siku mbaya. Fundi ametoa meza yake nje, amekaa juani anachomelea waya, kichwa wazi. Anayepita lazima asimame. Anayesimama lazima aulize. Fundi hasemi kitu. Ananyoosha tu ule mkono wenye chombo cha kuchomelea, unaelekea mlangoni kwangu.

Hakuna mteja aliyeingia. Walikuja vijana wawili mpaka mlangoni, wakageuka kutazama ng'ambo, wakajishika vichwa vyao wakaondoka. Maikrofoni akaja kunipa pole. Amesikia nimeanzisha huduma mpya ya nusunusu. Aliimba mpaka anafika kibarazani kwake.

Jioni mke wangu amerudi kimya. Nikajua kuna neno. Kumbe alikuwa kwa Fundi. Kumbe huenda huko mara kwa mara, tangu msiba! Anabeba chupa ya chai, anakaa juu ya kreti katikati ya maredio mabovu, mzee akitaka kusema anasema, asipotaka wananyamaza. Nikamuuliza kama amewahi kumtajia kanisa. Hajawahi. Muda wote huo! Mke wangu wa ndoa anachezea nafasi namna hiyo!

Ndipo akanieleza jambo. Fundi hajawahi kunyolewa na kinyozi. Mkewe ndiye alikuwa anamnyoa, nyuma ya nyumba, kwenye benchi. Tangu mazishi hakuna mkono uliogusa kichwa chake. Jana ndiyo siku aliyopiga moyo konde. Lile shati alikuwa amelipiga pasi kwa ajili hiyo.

Nilikuwa navua viatu. Nilikaa na kiatu kimoja mkononi sijui kwa muda gani. Nilijisikia vibaya, vibaya kweli. Nikakumbuka alivyoikunja ile shuka.

Mke wangu akasema baba watoto, chukua mashine, vuka barabara, mwombe radhi umalizie kazi. Nikasema naenda. Na nilikuwa naenda! Nilifika kizingitini. Maikrofoni alikuwa kwenye kibaraza chake, mkono shavuni, amekaa kutazama sinema. Nikarudi ndani.

Jumamosi, 9 Machi

Nimetafuta jirani wa akiba. Muuza nyama amekubali kuja endapo mashine yangu itabaki nyumbani. Nikakasirika, nikaondoka. Muuza mkaa aliponiona alivaa ndoo kichwani.

Lakini nisidharauliwe, bado nina akili. Nimenunua kofia! Nzuri, nyeusi, inashuka mpaka masikioni. Fundi akiivaa, ushahidi umefunikwa, mtaa unasahau, wateja wanarudi. Na mtu akipewa zawadi moyo hulainika. Nimempa mke wangu ampelekee. Akasema yule mzee anahitaji kinyozi, hahitaji kofia. Nikamwambia apeleke. Ameipeleka, lakini kwa uso ule wake.

Nimepiga viatu rangi. Nimevivua, nimevipiga tena.

Jumapili, 10 Machi

Niliwahi kanisani nikatandaza koti kwenye kiti cha pembeni yangu, ili watu wajue kuna mgeni anakuja. Hakuna mgeni aliyekuja. Maikrofoni aliingia na ukoo. Mababu, mashangazi, vitoto vya mgongoni, wakajaza safu nzima na kumwagikia ya nyuma. Aliniona na koti langu. Akanipungia.

Mke wangu alichelewa. Nilipogeuka kumtafuta nikamwona anaingia, na nyuma yake Fundi. Na kofia yangu! Nilitaka kupiga vigelegele. Nikaondoa koti haraka. Wakapita wakaenda kukaa kwingine.

Mzee wa kanisa anayesimamia mlango akamfuata polepole, akamwinamia. Nikajua anachosema. Katika nyumba ya Mungu mwanaume havai kofia. Nikamkonyeza, nikakohoa, nikatikisa kichwa mpaka jirani wa mbele akanipa leso. Fundi akavua kofia.

Kanisa zima liligeuka. Kisha mtoto mmoja akacheka, kisha benchi la mtoto, kisha nusu ya kwaya.

Mchungaji akakaribisha wageni. Kila mmoja asimame aseme nani kamleta. Wakasimama wakwe wa Maikrofoni. Mchungaji akawasalimu kwa majina mmoja baada ya mwingine, akauliza mchungaji wao hajambo? Lo! Raha niliyoipata hapo ninaiweka akiba ya uzeeni.

Akasimama Fundi. Nami nikasimama, niwe tayari kushukuriwa.

Akasema kwanza ieleweke kwamba hakuletwa na kinyozi. Watu wakaangua kicheko. Akawasubiri wamalize. Akamwonyesha mke wangu, akasema shemeji huyu hapa amekuwa akija kukaa naye tangu msiba, na hata siku moja hakumwambia aende mahali. Jana, baada ya hiki mnachokiona, alimuuliza shemeji anawezaje kuishi na mtu yule. Shemeji akamjibu kwamba nguvu hizo si zake, kuna mahali anazipata, kama anataka aje Jumapili aone. Kwa hiyo amekuja kuona. Kwa sababu na yeye, akasema, ana mzigo nyumbani ambao umemshinda kubeba.

Hakuna aliyecheka tena. Mchungaji alivua miwani akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Mimi nilikuwa bado nimesimama. Sikujua nikae vipi.

Baada ya ibada Mchungaji akanituma nikalete mashine. Waya ukavutwa kutoka ofisini kwake mpaka barazani. Sharti moja: nisiseme neno. Nikanyoa upande wa kulia, midomo nimeibana, koo linaniwasha. Fundi ndiye aliyeongea. Akasema marehemu alikuwa akimnyoa anaimba chinichini, na kila mara anaacha kishungi nyuma ya sikio hili, na yeye hakumwambia hata siku moja. Akaniomba nami nikiache.

Nimekiacha. Macho yalinitoka machozi. Zile nywele fupifupi zinaruka sana.

Halafu tangazo. Kiongozi wa uinjilisti ni mke wangu. Alikataa, Mchungaji akasisitiza, watu wakasimama kumpigia makofi. Maikrofoni alipiga kwa vidole viwili. Mimi vilevile.

Jumatatu, 11 Machi

Nimelitafakari jambo hili kwa utulivu, nikizunguka meza. Na ukweli ni huu. Mke wangu alikaa kwenye kreti miezi na miezi na Fundi hakusogea. Mimi nilimnyoa nusu, wiki haikuisha mtu yuko kanisani! Bila nusu kichwa asingeuliza lile swali. Bila swali asingekuja. Bila kofia asingeivua. Njia yangu imefanya kazi, tena mbele ya mashahidi. Kasoro ilikuwa moja tu, ile shuka. Ilifunguka kirahisi mno.

Nimemweleza kiongozi wa uinjilisti wakati anajaza chai kwenye chupa. Amekaza kifuniko. Kisha amechukua chupa yake akavuka barabara.

Sasa hivi kuna kijana yuko kwenye kiti. Mgeni, hajasikia lolote. Anasema nifanye haraka tafadhali, anafunga ndoa mchana huu. Naandika haya nimeegemea kioo, anadhani namwandikia risiti.

Shuka nimeifunga mafundo mawili. Nimeanza upande wa kushoto.