Programu Ambayo Hakuna Aliyeichinja

Ndugu Mhariri,

Shikamoo kama umenizidi; kama hujanizidi, marahaba. Mimi ni Wilhelmina, mjane wa Mayala, wa hapa Usagara. Mimi nasema, Mwalimu Revocatus anaandika. Mwalimu, usinipunguzie maneno.

Marehemu ameacha picha moja tu. Walipigwa picha hiyo Busisi wakisubiri pantoni ya kuvuka ziwa, yeye na mke mwenzangu Kashindye. Mimi nilibaki na ng'ombe. Basi nikaenda mjini kwa Sadrudin mpiga picha, nikamwambia huyu mtoe, hapo niweke mimi. Mwanawe Faizan ana kompyuta, akasema inawezekana, ila programu ya kazi hiyo waliyonayo ni ya wizi, hataki kuigusa tena. Ndiyo nalalamika:

1. Mume wangu hakuiba hata kuku. Leo uso wake upapaswe na kitu cha wizi?

2. Nikauliza, ya halali je? Akasema ipo, lakini kuinunua utauza zizi zima. Nikashangaa. Sadrudin si Mwislamu? Kisu si anacho? Sisi Wakristo tukiwa na sherehe tunamwita Mwislamu atuchinjie, watu wote wanakula. Kwa nini na hiyo asiichinje mwenyewe ikawa halali? Faizan alicheka mpaka akashika meza. Hana adabu yule, ingawa chai alinipa, tena ya maziwa.

3. Eti kuna nyingine ya halali na ya bure, wenyewe wameitengeneza huko Ulaya wakaigawa. Mhariri, tangu lije hili soko huria hata choo cha stendi tunalipia. Nani agawe bure? Hiyo ndiyo ya wizi kabisa.

4. Kwa hiyo serikali iweke mchinjaji wa programu kila wilaya. Na yeyote anayechukua kisicho chake, hata kiwe kidogo namna gani, afungwe.

Wasalimie wote hapo gazetini, na anayewapikia, na mama zenu waliowazaa.

Dole gumba hili ni langu,
Wilhelmina, mke mkubwa

Nyongeza: Bahasha haijafungwa, Faizan kaleta picha. Katumia ile ya bure. Kashindye hayupo, nipo mimi, na mzee kageuza shingo ananichekea, meno yote nje. Tangu anioe hajanichekea hivyo. Najua alikuwa anamchekea nani. Mwalimu, ile namba nne ifute. Picha siirudishi.