Mashine Yangu ya Kunyolea Ilivyomuua Baba

Wenzangu wa karakana ya Malampaka, habari za huko. Nawaandikia jioni hii hii kabla habari haijawafikia kwa mdomo wa mtu mwingine, maana itafika ikiwa imetiwa chumvi, na chumvi iliyomo inatosha. Leo nimejiumbua. Hakuna aliyeniumbua. Nimejiumbua mwenyewe, kwa mikono yangu, kwa sabuni yangu, na kwa chombo nilichokitengeneza mwenyewe.

Mnajua tangu kiwanda cha pamba kitupunguze kazi nimehamia Bariadi, naziba pancha na kuchomelea majembe. Mnajua pia habari za Kabula, yule fundi cherehani wa sokoni. Baba yake, mzee Jilala, hakuwa na neno baya juu yangu ila moja. Alisema fundi asiye na karakana ni mtu tu mwenye mikono michafu. Mshenga wangu, mzee Nkwabi, kwa kunitetea akamwambia kwamba nimebuni mashine ya kunyolea ndevu ambayo haijaonekana Bariadi, Maswa wala Meatu. Mzee Jilala akasema, "Sawa. Alhamisi aje nayo. Nikiiona inafanya kazi, tutaongea mambo ya binti." Leo ndiyo Alhamisi.

Sasa niwaeleze kosa lilipoanzia. Mnakumbuka zamani wembe ulikuwa kitu cha kuwindwa. Tulikuwa tunanoa mmoja ndani ya glasi mwezi mzima, na bado mtu anakuja kuuazima. Sasa ni soko huria. Kila duka lina nyembe, na zimekuja zile mashine za plastiki zenye nyembe mbili na shingo inayocheza. Nilinunua moja. Ilininyoa vizuri mara mbili. Mara ya tatu ndevu na povu vikaganda katikati ya nyembe, na hakuna pa kufungua. Ukiikung'uta havitoki, ukiichokoa na mwiba inavunjika. Yaani mtu mzima, fundi, unauziwa kitu kisicho na hata skrubu moja. (Hilo peke yake ni tusi.)

Upande wa pili ninayo ile mashine ya chuma aliyonipa baba nilipoanza kazi. Inafunguka, inaoshwa, na chini ya wembe ina kile kitana cha meno kinachozuia makali yasizame kwenye ngozi. Ubaya wake shingo ni ngumu. Kwenye taya inabidi upinde kichwa wewe, yenyewe haipindi. Nikasema basi, nachukua chuma cha baba nakipa shingo ya plastiki. Nikakata mpini, nikaweka bawaba ndogo na springi. Nikapanga nyembe mbili zenye washa, kile kipete bapa cha bati, katikati. Na yale meno ya kitana nikayapunguza kwa tupa ili povu lipite. Siku mbili nzima nilijifungia ndani, nasugua tu, hata chakula nakula nimesimama. Springi ya kalamu niliiona nyonge, kwa hiyo nikatumia ya kitasa cha mlango. (Najua mmeshaanza kucheka. Ngojeni kwanza.)

Asubuhi nikachemsha maji, nikajipaka povu, nikasimama mbele ya kioo. Shavu la kulia likawa laini. La kushoto likawa laini. Kidevu, ambacho kwa kawaida natoka nacho damu, nikatoka salama. Nilijisifu kwa sauti, peke yangu chumbani. Nikaiona akilini na karakana yangu, na kibao chake, na Kabula amekaa mlangoni na cherehani yake.

Zikabaki zile ndevu za mbele ya sikio. Ukifika pale taya inaisha, unakuta mfupa. Mimi nikakandamiza kidogo. Springi ikajikunja mpaka mwisho, na nilipolegeza mkono ikafyatuka kwenda juu. Nilisikia kitu kimepita juu ya sikio kama treni. Kutazama kiooni, nimekatwa barabara kutoka sikioni hadi karibu na utosi. Safi kabisa, haina hata jani.

Mtu mwenye akili angeishia hapo, avae kofia. Mimi nikasema nisawazishe upande wa pili. (Kwa mashine ile ile, ndiyo.) Upande wa pili barabara ikatoka pana zaidi. Katikati kikabaki kichaka kama cha jogoo. Nilikitazama muda mrefu, nikakosa namna, nikachukua wembe mtupu kwa vidole nikaondoa vyote. Saa tatu asubuhi nilikuwa na kipara kinachong'aa, na povu linanitiririka machoni.

Wakati huo huo mzee Nkwabi akaingia kunichukua. Akaniona. Kofia yake ikatoka kichwani polepole.

Hapa wenzangu lazima mnielewe. Huku kwetu mtu mzima hatokei tu na kichwa cheupe. Nywele zinanyolewa zote msibani, baada ya kuzika. Mzee Nkwabi aliona kichwa, akaona machozi (ya sabuni), akakumbuka siku mbili mlango wangu umefungwa, na mwenyewe akamaliza hesabu.

"Pole, ng'wanawane, mwanangu," akasema. "Kumbe ulikwenda kuzika. Ni baba?"

Baba yangu, mzee Maduhu, yuko Mwandoya. Wiki iliyopita alituma ujumbe kwamba miguu inamsumbua, hataweza kuja leo, mzee Nkwabi amwakilishe. Nilifungua mdomo kusema hapana. Lakini baada ya hapana lilikuwa linakuja swali la pili, kwamba basi kimekunyoa nini. Na jibu la swali hilo ndiyo mashine, na mashine ndiyo Kabula. Nikafunga mdomo. Nikatazama chini. Akaniwekea mkono begani na kulia kidogo, mzee wa watu, na mimi nikaona aibu ila nikaona na nafuu. Msiba unaahirisha kila kitu. Ningepata wiki mbili za kurekebisha springi, kisha ningesema ilikuwa taarifa ya uongo, ililetwa na dereva wa lori.

Nilichosahau ni kwamba mzee Nkwabi ni mshenga wa kweli. "Habari kama hii haitumwi," akasema. "Tunakwenda wenyewe kwa mzee Jilala, na wewe ukiwepo."

Tukaenda. Njia nzima watu wanasimamisha baiskeli, wananipa pole. Mama muuza karanga alinipa karanga bure. (Nilizipokea. Nifanye nini?) Kwa mzee Jilala tukakuta uwanja umefagiliwa, mikeka imetandikwa, chungu cha nyama jikoni. Mzee Nkwabi alisema maneno matatu tu, na wanawake wakaangua kilio. Kabula alitoka jikoni akanitazama kichwa, halafu mbele ya masikio, halafu kichwa tena. Hakulia. Yule dada ana macho ya kukata vitambaa, anajua mkato uliopinda akiuona.

Mzee Jilala, mtu mkavu kuliko wote niliowahi kuwaona, alikaa chini akafuta uso. Akasema yeye na baba yangu waliwahi kupeleka ng'ombe mnadani pamoja wakiwa vijana, na mvua iliwanyeshea, na baba alimpa koti lake. Sikuwahi kuisikia habari hiyo. Kisha akasema, "Maneno ya mashine tuyaache. Kwa heshima ya mzee huyo, binti nimetoa. Mkimaliza matanga, njooni tupange."

Nilitaka ardhi inimeze, na wakati huo huo nilitaka kuruka kwa furaha. Nilikuwa nimepata mke kwa kumzika mzazi wangu. Nikasema moyoni, Masanja, kesho asubuhi unakwenda Mwandoya kumwomba radhi. Kesho, si leo.

Tulikuwa tumekaa hivyo, vichwa chini, akaingia mtu mzima mwingine. Sikumtazama. Anayeingia msibani hapigi kelele, anavua kofia, anakaa panapopatikana, analia anavyojaliwa. Yule naye alifanya hivyo hivyo. Akakaa nyuma yangu, akavuta kamasi, akatikisa kichwa. Baada ya muda akamgusa mzee aliyekuwa karibu naye.

"Marehemu ni nani?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Maduhu wa Mwandoya."

Yule mtu akaacha kuvuta kamasi.

"Maduhu yupi?"

"Baba yake huyo kijana mwenye kipara."

Sauti ile naijua tangu nazaliwa.

"Amekufa lini?" akauliza baba yangu.

"Wamezika jana."

"Basi nimechelewa," akasema. "Masanja. Geuka."

Nikageuka. Alikuwa amevaa lile koti lake la sherehe. Miguu ilipata nafuu, akaona si vizuri mshenga aongee peke yake, akapanda lori la pamba tangu alfajiri ili anipe heshima. Wanawake waliomfahamu walitawanyika, mmoja akaangusha sufuria. Mzee Nkwabi akarudi nyuma mpaka akagonga ukuta. Mzee Jilala tu ndiye hakusogea. Alimtazama baba, akanitazama mimi.

"Kijana. Nani kakunyoa?"

Nikaeleza yote. Bawaba, springi, washa, barabara. Sikuficha kitu, sikuwa na pa kuficha. Nikatoa mashine mfukoni. Baba akaipokea yeye kwanza. "Hii si mashine yangu?" akasema. "Mpini uko wapi?" Nikamwambia nimeukata. Nadhani hilo lilimuuma kuliko kufa.

Halafu akaanza mtu mmoja kucheka jikoni, na uwanja mzima ukafuata. Walicheka watu waliokuwa wanalia sasa hivi, kwa machozi yale yale. Mama mmoja alilala kabisa kwenye mkeka. Mimi nimesimama katikati na kipara changu, jua la saa saba linaniwakia, na sina hata kofia.

Kabula akaja, akachukua mashine mkononi mwa baba. Akaibonyeza shingo. Ikafyatuka, tak.

"Springi ya kitasa?" akaniuliza.

"Ndiyo."

"Ya kalamu uliionaje?"

"Nyonge."

"Kwenye cherehani yangu springi ya kukaza uzi ni laini kuliko ya kalamu, na inashona jinzi." Akaigeuza, akapitisha ukucha kwenye kitana. "Na meno haya uliyoyapunguza ndiyo yalikuwa yanaushika wembe usipande. Bawaba ni nzuri. Washa ni nzuri. Umeharibu kilichokuwa hakina shida." Kisha akampa baba yake mashine, akarudi jikoni. Siku mbili nimejifungia ndani, na kumbe nilitakiwa kutembea hatua mia mpaka sokoni kumuuliza. Hasira niliyoipata sijui niielekeze kwa nani.

Mzee Jilala akasema neno lake la binti limekwisha, alilitoa kwa marehemu, na marehemu hayupo. Hapo baba akakohoa.

"Jilala," akasema, "nilipokuwa nimekufa nilikuwa na heshima kwako. Nimefufuka, imekwenda wapi? Au nikuombe koti langu?"

Nilihesabu kuku wote wa uwanjani kabla mzee Jilala hajajibu. Mwishowe akanirudishia mashine.

"Neno langu halirudi," akasema. "Lakini halianzi leo. Nenda kaote nywele na ndevu. Utarudi hapa, utanyoa ndevu zako mbele yangu kwa kitu hicho hicho, na wazee wote wakitazama. Ukimaliza ukiwa bado na nywele zako, masikio na nyusi zote mbili, binti ni wako."

"Gete," wazee wakaitikia, yaani kweli kabisa, na chungu cha nyama kikaletwa. Baba alipewa kipande cha kwanza, kwa ajili ya kufufuka. Amelala kwangu sasa hivi. Hajaniambia neno tangu tutoke huko, isipokuwa mara moja alipoomba maji ya kunyolea, na mara ya pili alipokumbuka kwamba hana mashine.

Kwa hiyo nina shida mbili. Ya kwanza, yeyote mwenye kitana kizima cha mashine ya chuma, chenye meno yake yote, anitumie kwa basi la keshokutwa, pamoja na springi za kalamu nne au tano. Ya pili, mkikutana na mtu wa Mwandoya analia, mwambieni mzee ni mzima, tena amekasirika. Na tafadhali, msinicheke. Nywele zitaota, ila nyusi nimebaki nazo mbili tu, na zote nimeziweka rehani.